Namba nzuri, gemu linaganda

Wakuu, hivi Mbeya nzima ni mimi tu ninayeteswa na gemu za kompyuta? Kadi yangu ya grafiksi peke yake inazidi bei ya PS4 (mashine ya gemu ya PlayStation) ya mtumba pale Mwanjelwa. Skrini inasoma fremu, yaani picha, 90 kwa sekunde. Naingia kwenye kona, gari linaganda kufumba na kufumbua, likizinduka liko ukutani. Namba bado inasema 90!

Na msiniambie mashine imechemka. Kwa baridi hii ya Julai? Mimi mwenyewe nacheza na koti.

Hiyo 90 ni wastani tu. Kwenye fremu 60, kila picha inakaa kama milisekunde 16.7. Ikipenya moja ya milisekunde 150, jicho linaiona, wastani hata hautikisiki. Mchawi mara nyingi ni sheda, vile vijiprogramu vinavyoiambia kadi ichoreje picha. Vifaa vya PS vinajulikana, kwa hiyo watengenezaji wa gemu wanaziandaa kabisa kabla. Kompyuta zina kadi za kila namna, basi mashine inajiandalia yenyewe, wakati mwingine katikati ya mbio.

Dogo wa jirani ana PS4 na fremu zake 30, zinakuja kwa mwendo mmoja, hana habari. Juzi kaniuliza, "Kaka, sasa hiyo ya mamilioni ina faida gani?" Nikamwonyesha kipanya kinavyolenga. Akacheka.

Nimezizuia fremu zisizidi 60, afadhali kidogo. Mwenye dawa ya sheda aseme, ila asiniambie ninunue kadi nyingine.