Jiko la kauri na upepo wa kusi

Sifa ya kwanza ya jiko la kauri lenye umbo la yai, ambalo asili yake ni Japani, ni kwamba ukuta wake mnene ukishapata joto haupoi upesi. Sifa hiyo ndiyo inayomsumbua anayetaka kupika nyama kwa moshi na moto mdogo. Kidari cha ng'ombe huhitaji nyuzi 107 hadi 121 za selsiasi kwa saa kumi au zaidi, na mpishi akiliachia jiko lifike nyuzi 160 ndipo abane hewa, atangoja sana kabla halijashuka. Kwa hiyo matundu ya hewa, la chini na la juu, yaanze kubanwa mapema, joto likiwa bado linapanda na limebakiza nyuzi 20 hivi kufikia kiwango kinachotakiwa.

Makaa yajazwe mpaka juu, vipande vikubwa vikitangulia chini ili hewa ipite, lakini yawashwe mahali pamoja tu. Makumbi makavu ya nazi yanatosha kuwashia. Mafuta ya taa sikubaliani nayo kabisa, kwa kuwa harufu yake huingia katika kauri na kuishia katika nyama. Juu ya moto hukaa bamba la kauri la kuzuia miali isiiguse nyama, kisha sinia la kukingia mafuta, kisha wavu.

Hapa Malindi jambo ambalo maelekezo ya kiwandani hayalitaji ni upepo. Katika miezi ya kusi, tangu Aprili hadi Septemba hivi, tundu la chini likielekea baharini au kusini hupokea upepo moja kwa moja, na moto hupanda ingawa limefunguliwa upana wa kidole tu. Jiko ligeuzwe kabla halijawashwa, tundu lipe upepo mgongo, au likingwe kwa ukuta mfupi wa mawe; kaskazi ikianza, ligeuzwe tena. Lisiwekwe chini ya paa la makuti, hata kama kivuli chake kinavutia, kwa sababu kifuniko kikifunguliwa ghafla hewa huingia kwa wingi na miali hulipuka. Kinyanyuliwe kidogo kwanza, kitulie, ndipo kifunguliwe.

Kwa moshi napendelea vipande vikavu vya mwembe. Mkwaju pia unafaa. Kuviloweka majini ni desturi isiyo na faida, maana maji hayo hugeuka mvuke na kuchelewesha kuungua. Moshi wa kwanza huwa mweupe na mzito, na huacha uchungu, basi nyama iingie baada ya moshi kuwa mwembamba wa kibuluu.

Nyama ikifika nyuzi 65 hadi 75 kwa ndani, joto lake husimama kwa saa kadhaa, kwa kuwa maji yanayovukizwa juu yake huipoza. Wageni wakiwa wameshaketi barazani, kishawishi cha kufungua matundu ni kikubwa. Afadhali nyama ifungwe katika karatasi isiyo na nta na kurudishwa. Iko tayari ikifika nyuzi 93 hadi 96 na kijiti kikipenya bila kukwama, kisha ipumzishwe saa nzima kabla ya kukatwa.

Matundu yote mawili yakifungwa, makaa huzimika yenyewe. Yaliyobaki hutumika tena baada ya kukung'utwa majivu, mradi jiko lifunikwe, maana unyevu wa bahari huyaingia haraka na kutu huanza kula bawaba.