Mtu wa Kibo kwenye Boti ya Mkoani

Nauli ya boti imepanda tena na hakuna aliyetangaza. Unajua ukishafika dirishani. Nilipanda Mkoani, Pemba, asubuhi kwenda Unguja, kusi limeshika, nikapangiwa chumba cha chini, kiti cha kwanza kutoka kiyoyozi, na kiyoyozi chenyewe kinapuliza kama kimefungwa hapo kugandishia samaki. Ukiomba wapunguze unaambiwa rimoti imepotea. Mbele yetu televisheni inaonyesha mieleka bila sauti. Chai elfu moja, na sukari wameitia wao kwa kipimo chao.

Kiti cha pili alikuwapo mzee mmoja amevaa jaketi zito, zipu imefungwa mpaka kidevuni, na kofia ya sufi imemshuka masikioni. Nikasema moyoni, huyu keshaijua boti hii.

Wapi! Tulipotoka tu ghubani, wimbi la kwanza likatunyanyua, mzee akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili. La pili likaja. La tatu halikumkuta na kitu tumboni. Kijana wa boti alimletea mfuko, akauweka mapajani mwake, akaondoka bila kumtazama. Mimi husafiri na ndimu, basi nikaikata nikampa kipande anuse.

"Pole mzee."

"Nishapoa." Hajapoa. Akanusa, akafumba macho. "Nimepanda Kibo mpaka sina hesabu, wazungu wanatapika mimi nawashika mgongo. Leo nashikwa mimi."

Hapo nikageuka vizuri. Mimi nafundisha jografia. Mlima ule nimeuchora ubaoni tangu niajiriwe, nyuzi tatu na ushei kusini mwa ikweta, mita 5,895, na kuuona kwa macho sijauona. Nikamuuliza, kumbe wewe ni mtu wa Kilimanjaro?

"Mimi mtu wa Marangu. Kilimanjaro ni mkoa."

"Na mlima?"

"Mlima ni Kibo. Yule mwenzake ni Mawenzi. Hilo Kilimanjaro mmelileta nyinyi watu wa pwani."

Aliyekuwa kiti cha mbele, kijana anayetembeza watalii Nungwi, aligeuka kama aliyeitwa. Jina la Kichaga hilo mzee, akasema. Kilima, halafu njaro ni kung'aa, sisi tunawaambia wageni kila siku. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamkatiza: njaro ni jini, jini la baridi, babu yake alikuwa akisema. Mwengine nyuma akasema njaro ni misafara. Mzee aliwasikiliza wote kwa ndimu puani. Kwao Marangu, akasema, wapo wanaosema limetoka kwenye neno la Kichaga la kitu kilichomshinda ndege, wengine kilichoushinda msafara, na kila mtalii anayepanda naye huja na maana yake mpya aliyoisoma kwenye ndege. Yeye hana ugomvi na yeyote. Ila mama yake mzazi, alipotoka nje asubuhi kutazama kama mawingu yamefunguka, alisema Kibo.

Nami nikaona si vibaya kuchangia. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, aliuona mlima ule tarehe 11 Mei 1848, akitokea Rabai nyuma ya Mombasa. Aliyemwongoza ni Bwana Kheri, mtu wa pwani, mzoefu wa njia za Uchagani. Rebmann alipoona weupe kileleni akamuuliza ni nini, na Bwana Kheri akamjibu kwa neno moja: baridi. Theluji hakuwa na haja nayo. Wakamba nao, kwa alivyoandika Krapf, mwenzake Rebmann, waliuita Kima ja Jeu, mlima wa weupe. Kilimanjaro ndilo lililokuwa vinywani mwa watu wa misafara, na kutoka vinywani mwao likaingia kwenye ramani. Basi mzee yuko sawa, nikasema, sisi ndio tuliolipeleka.

"Umesikia?" akamwambia yule kijana wa Nungwi.

Nikawasimulia na habari ya W. D. Cooley, bwana wa London ambaye Afrika hakuwahi kukanyaga, aliyeshikilia miaka na miaka kwamba theluji karibu na ikweta ni ndoto za Rebmann. Ikabidi aje Baron von der Decken, aliyekuwa na maskani yake Unguja, apande mara mbili, 1861 na 1862, na safari ya pili theluji imwangukie yeye mwenyewe. Mama mwenye mtoto alicheka hadi mtoto akaamka.

Mzee akaomba kalamu. Aligeuza tiketi yake, na boti inavyoruka akachora mstari mrefu unaopanda na kushuka, anangoja wimbi lipite ndipo aendelee. Kidole gumba chake cha kulia hakina ucha, na ngozi ya juu imekakamaa, nyeusi inayong'aa. Si mlima mmoja, akasema, ni mitatu. Shira huku magharibi, mkongwe kuliko wote, umeshabomoka umebaki uwanda. Kibo katikati, mdogo wao, ndiye mrefu. Mawenzi mashariki, mita 5,149, mawe yamechongoka, wapagazi hawaendi huko na mizigo wala wageni hawaendi bila kamba. Baina ya Kibo na Mawenzi ni nyika kavu yenye upepo, unatembea saa nyingi na mlima hausogei. Watoto wa Kichaga huambiwa Mawenzi alikuwa akienda kila siku kwa Kibo kuomba moto, mpaka Kibo akachoka akampiga kwa mchi, ndiyo maana ana meno vile. Juu ya Kibo kuna kreta, ndani yake nyingine, na ndani kabisa shimo la majivu lenye harufu ya kiberiti. Amelala, hakufa.

Hilo ubaoni huwa nalimaliza kwa sentensi mbili. Nilimwomba ile tiketi, akasema ngoja kwanza, nikishuka wasije wakaniuliza.

Kileleni, nikamchokoza, pana jina gani? Akanyoosha mkono kuonyesha palivyobadilishwa. Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Purtscheller walipofika tarehe 6 Oktoba 1889, wazungu wa kwanza kileleni, walipaita kwa jina la Kaizari wa Ujerumani, Wilhelm. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akapandisha bendera na mwenge, pakawa Uhuru. (Sisi wa visiwani wakati huo bado tulikuwa na Sultani na Mwingereza wake juu, mwenge ule kama ulionekana, basi haukuonekana Pemba.) Kwao, mzee akasema, anayetajwa ni Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayeaminiwa kuwa ndiye aliyemwongoza Meyer. Nikamwambia nami ninaye wangu: Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki kambini juu kule kwenye baridi akiwatunzia moto wazungu wale wawili. Wapagazi wa Meyer walichukuliwa Unguja. Mlima umejaa majina ya waliokwenda mikono mitupu.

"Mwini Amani," akarudia. "Wa Pangani. Aisee."

Nikauliza barafu. Alikunja uso. Alipoanza kazi, kuta zake zilikuwa ndefu, sasa kuna mahali unapita mchangani palipokuwa na barafu juu ya kichwa chako. Vipimo vinasema vivyo hivyo, zaidi ya asilimia 80 imekwenda tangu 1912. Lakini aliwakasirikia wanaoandika kwamba ikiisha Wachaga watakufa kiu. Maji ya mifongo yao, ile mifereji ya mashambani, yanatoka msituni, kwenye mvua na ukungu, na msitu ndio wa kuulinda. Alikuwa anaanza kueleza hifadhi ilivyowekewa mipaka mwaka 1973, tukafika Nungwi.

Pale maneno yalikatika. Mpemba akifika mkondo wa Nungwi huwa na lake moyoni tangu Septemba 2011, ilipozama Spice Islander, na sikuhitaji kumweleza mgeni. Aliona watu wameinamisha vichwa, naye akaivua kofia yake. Boti ililala upande, ikarudi, ikalala tena. Chai yangu ya elfu moja ilikwenda sakafuni yote.

Kulipotulia mzee alipata usingizi, mimi nikabaki na hilo la jina. Kwetu ni hivyo hivyo. Wenyewe wanasema Unguja, dunia nzima inasema Zanzibar. Mimi nikivuka kwenda Dar naitwa Mzanzibari, nikishuka Unguja naitwa Mpemba, nikiwa Chake naulizwa mtu wa Mtambile unatafuta nini huku. Waarabu walikiita kisiwa chetu Al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani, jina zuri tu. Bibi yangu alizaliwa na kuzikwa Mtambile na sidhani kama lilipata kumfikia. Kilima cha nyuma ya nyumba yetu kina jina la marehemu aliyekuwa na mikarafuu pale, na mikarafuu yenyewe imeshauzwa mara nyingi. Katika ramani hakipo. Pemba nzima huipati sehemu inayofika mita mia na hamsini, nani atakuja kutafuta vilima huko?

Malindi, bandarini Unguja, tulishuka kwa kusukumana, jua limeshakaza. Kumbe mzee ana mzigo chini: mkungu mzima wa ndizi mkono wa tembo, ameuzungushia gunia. Binti yake ameolewa Chake, na mkwewe mwanamke ndiye aliyemfungia. Nikamtazama. Ndizi, kupeleka Marangu?

"Ungekuwa wewe ungekataa?" akaniuliza. "Mbele ya wakwe?"

Hamali akauinua kidogo kwa mkono mmoja, akauweka. "Elfu kumi mpaka kwenye boti ya Dar."

"Kilo ngapi huu?"

"Hapa hatupimi mzee wangu, tunatazama."

"Kwetu getini kuna mizani. Mpagazi anabeba kilo 20, ikizidi unaongeza mtu, na bei inajulikana."

"Basi kamwite huyo wa getini aje akubebee."

Walipatana elfu nne. Hamali alipokwisha kuutia begani akageuka akadai mia tano juu, kwa ajili ya lile jaketi, ambalo mzee alikuwa ameshalivua na kulitandika juu ya ndizi.