Kidole cha tatu

Leo asubuhi nimempeleka mama kliniki ya kisukari, hapa hapa Mtwara mjini.

Kwenye foleni nikawa nasoma kwenye simu makala ya mwaka 1989 iliyotoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet. Watafiti Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao walipima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji 6 vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata 1 kati ya 100.

Nikainua macho. Mabenchi yote yamejaa, wengine wamekaa chini ya mwembe. Najua kliniki ndiyo hukusanya wagonjwa, lakini moyo ulinishtuka.

Zamu ya mama ikafika.

Mama ni mbangua korosho. Utomvu umemlia vidole, vyeusi, ngozi ngumu kama gome.
Nesi akachoma kidole cha kwanza, kimya.
Cha pili, kimya.
Cha tatu ndipo likachomoza tone dogo, jekundu kabisa juu ya weusi ule.

Njiani nikamsimulia ile makala. Akasema, "Waambie na huku kwetu waje wapime, mwanangu."

Mnaowapeleka wazazi kliniki, huko kwenu hali ikoje?