Kutoka Kivu hadi chini ya bahari

Nimerudi Bukavu jana usiku, ndugu zangu, na bado sijatulia. Nimezamia baharini! Si Zanzibar, ambako kila mtu anaenda. Ni kisiwa cha Mafia, kusini mwa Dar es Salaam, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995.

Nimekulia Nguba, hapa hapa Bukavu, Ziwa Kivu naogelea tangu utotoni, nikadhani maji nayajua. Kumbe! Ukishuka mita 10 tu, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Masikio yaliniuma sana. Mwalimu akanishika mkono, akanionyesha: bana pua, puliza taratibu. Yakazibuka.

Kisha matumbawe. Kasa alipita karibu nami kiasi kwamba niliona mwani ulioota mgongoni kwake, na jicho lake zito likinitazama bila haraka. Machozi yalinitoka ndani ya miwani. Kitambaa chekundu nilichofunga mkononi kilikuwa kimegeuka kahawia, maana huko chini rangi nyekundu ndiyo inayopotea kwanza.

Kupanda ndiko kunataka subira: polepole, halafu dakika 3 kwenye mita 5, ili naitrojeni, gesi ya hewa uliyovuta huko chini, itoke mwilini. Ndege ni mpaka siku inayofuata, maana huko juu mgandamizo ni mdogo. Sisi wa Bukavu tunaorudi kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 tusilipuuze hilo hata kidogo.

Leo asubuhi nimeteremka ziwani. Watoto wa jirani walikuwa wanaogelea, nami nikaanza kuwaonyesha namna ya kubana pua.