Miche yangu ya paina na washauri walionichosha

Miche yangu imesimama, kijani kibichi, na kila anayepita anauliza nimepuliza dawa gani. Sijapuliza dawa yoyote. Ni udongo tu. Nimechoka kueleza mmoja mmoja, ngoja niandike mara moja.

Niko Mufindi, si mbali na Mafinga. Huku mwenye ekari mbili ana misindano, ndiyo hizo paina, tayari au anaitafutia pesa. Shamba la Serikali la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti nchini, liko jirani, na dingidongi zinalia kutwa zikipasua mbao. Ungedhani kila mtu huku anajua kuotesha paina. Wengi wanajua kununua miche.

Mbegu zenyewe hazina maneno. Unaloweka, unasia kwenye tuta, unafunika nyasi, unamwagilia asubuhi ili jioni udongo usilale na maji ukaleta kinyausi, ule ugonjwa wa kuozesha miche michanga. Ila zikichomoza kaa macho: kila mche unatoka umevaa ganda la mbegu kichwani kama kofia, na ndege wanalifuata hilo ganda na kukata mche mzima. Tandaza matawi ya miba au weka watoto wa kufukuza.

Balaa lilikuja kwenye viriba, vile vifuko vya nailoni vya kukuzia miche. Shemeji yangu aliyekulia Kigamboni alipiga simu kunifundisha kazi: "Shemeji, usijitese. Paina haibagui udongo. Huku ufukweni zinaota kwenye mchanga mtupu, na upepo wa chumvi juu!" Basi nikajaza viriba mchanga wa mtoni na udongo kidogo wa bustanini, nikahamishia miche. Ikanyanyuka kidogo, ikagoma. Ncha zikawa zambarau, halafu njano. Muuza pembejeo akaniambia ina njaa, akaniuzia yurea. Nikaweka kiasi alichosema, ncha zikaungua. Jirani akasema ni kivuli, nikaondoa kivuli. Mwingine akasema ni jua, nikarudisha. Miche ya watu inafika goti, yangu iko urefu wa kidole, na kila mshauri akiondoka ananiachia bili.

Baadaye nikaenda Dar kwenye msiba, shemeji akanipeleka ufukweni kwa fahari kunionyesha hizo paina zake. Mivinje! Nikachuma kijiti kimoja nikakivuta mbele yake, kikachomoka pingili kwa pingili. "Shemeji, paina haikatiki hivi. Sindano zake zinatoka tatu tatu kwenye ala moja." Mvinje hauna hata undugu na paina, na mizizi yake ina vijidudu vyake vya kuvuta naitrojeni kutoka hewani, ndiyo maana unadunda kwenye mchanga. Alicheka, akasema zinafanana. Kwa mbali, ndiyo.

Aliyeniokoa ni babu mmoja aliyefanya kazi kwenye vitalu miaka mingi. Nilimfuata kwake. "Kamwene, babu." "Kamwene, mwanangu. Umeleta mche?" Hakuyatazama majani kabisa. Alichana kiriba, akasuuza mizizi kwenye beseni, akailaza kwenye kiganja. Mizizi mirefu, myembamba, mitupu. Akatoka nyuma ya nyumba, akang'oa mche uliojiotea chini ya paina nzee, akausuuza vilevile. Hapo nikaona: vijizizi vifupi vilivyogawanyika panda, vimevishwa utando mweupe kama vumbi la unga.

"Huu ni uyoga, mwanangu. Unaishi na mzizi. Mti unaulisha sukari, nao unauletea mti fosforasi na maji. Bila huo, hata ununue duka zima."

Nilipoenda kusoma nikaelewa kwa nini huku kwetu ni tatizo. Karibu jamii zote za paina asili yake ni kaskazini ya ikweta. Kwa Afrika utazikuta za asili kule Morocco, Algeria na majirani zao, na hii patula tunayopanda sisi ni ya Mexico. Kwa hiyo udongo ambao haujawahi kubeba paina hauna huo uyoga. Mchanga wangu wa mtoni ungeutoa wapi?

Nikaomba ruhusa kwa mwenye shamba la zamani, nikaingia na jembe na viroba. Unakwangua sindano zilizokauka, unachukua udongo mweusi wa juu tu, kina cha kiganja, pale unapoona nyuzi nyeupe au uyoga wenye kichwa kinachoteleza na sifongo chini yake. Usiuanike juani, usiulaze kwenye kiroba hadi ukauke. Kwa viriba vipya nachanganya debe moja na madebe manne ya udongo wa kawaida. Bodaboda na viroba vilikula elfu kumi na kitu. Yurea ilikula zaidi ya hapo na kuniunguzia.

Ile miche iliyodumaa watu waliniambia nitupe. Sikutupa. Nilichukua kijiti, nikatoboa tundu pembeni ya kila mche hadi karibu na mizizi, nikatia udongo wa msituni uliojaa vidole vitatu, nikaziba, nikamwagilia. Kazi ya kuumiza mgongo, ila sijawahi kufurahia kazi hivyo. Kwa wiki kadhaa hakuna kitu, watu wananicheka. Halafu kijani kikaanza katikati, kwenye kikonyo cha juu, kikateremka. Iliyopona ni mingi kuliko iliyokufa, na jirani wa kivuli ndiye wa kwanza kuja kununua.

Kupanda subiri mvua ishike kweli, nafasi mita tatu kwa tatu, hekta inabeba miche 1,111. Lima njia za kuzuia moto kabla ya kiangazi, hilo huhitaji kuambiwa. Na toeni viriba, jamani. Kuna mtu kapanda shamba zima na nailoni zake, anasema zitaoza zenyewe. Haziozi.