Mashua imefika Chole: tanga jipya, bisho na magofu ya Kua

Kwa walioniuliza habari za tanga jipya la mashua yetu katika safari hii ya Mafia: limefanya kazi nzuri. Lile la turubai tumeliweka kando, tukashona la marekani, kitambaa cha pamba, na tofauti unaiona upepo ukiwa mdogo, kwa sababu linajaa upesi. Ubaya wake ni mvua. Likilowa, hata watu watatu kwenye henza, kamba ya kupandishia tanga, wanatoka jasho.

Tulitoka Dar na kaskazi ya Januari, mashua mbili, yetu na ya jamaa zetu wa Kigamboni. Tukalala kisiwa cha Kwale, kisha tukashika njia ya Kilindoni, bandari ya Mafia. Mpaka hapo ubaharia ulikuwa kunywa chai tu. Karibu na Kilindoni papa potwe alitupita ubavuni, madoa meupe mgongo mzima, kinywa wazi anachuja chakula chake, wala hakutujali. Huu ndio msimu wao pale.

Kazi ilianza tulipozunguka Ras Kisimani, rasi ya kusini-magharibi ya Mafia. Kutoka hapo kwenda ghuba ya Chole unaelekea kule kule upepo unakotoka, basi ni bisho mpaka uchoke. Na tanga letu la pembetatu halina mzaha: kila ukigeuza, unaupa upepo tezi, yaani nyuma ya chombo, mmoja analegeza demani, kamba ya pembe ya tanga, mwingine anaisimamisha foromali, boriti inayobeba tanga, na kuivusha mbele ya mlingoti, na muda wote huo chombo kinarudi nyuma. Wenzetu walikuwa wepesi kuliko sisi, foromali yao ni fupi. Nimeshaanza kuiangalia yetu kwa jicho baya.

Chole yenyewe ni kisiwa cha kuzunguka kwa miguu. Popo wakubwa, wa aina iliyopo Komoro pia, wananing'inia mitini mchana kutwa wakigombana kama abiria wa daladala. Kasa na matumbawe vinalindwa na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995, kwa hiyo kiingilio mlipe mapema na nanga msitupe ovyo.

Siku niliyoipenda zaidi ni ya Juani, kisiwa jirani. Kufika Kua, mji wa kale uliobaki magofu, unapita kwenye mikoko maji yakiwa yamejaa, na lazima utoke kabla hayajapwa, la sivyo utapwelewa na mbu mpaka usiku. Kuta za misikiti na nyumba bado zimesimama, mizizi imezikumbatia. Mji uliangamizwa na Wasakalava wa Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini mzee aliyetuongoza alianza na hadithi ya zamani zaidi: uhasama wa Kua na Kisimani, mji wa kale wa kule rasini, ulioanza siku ya kushusha chombo, watoto wa upande mmoja wakalazwa mchangani chombo kikapitishwa juu yao. Kisasi kilikuja miaka mingi baadaye, kwa mwaliko wa harusi katika chumba kilichozibwa wageni wakiwa ndani. Kisimani nayo imeliwa na bahari kwa sehemu kubwa. Sisi tulikuwa tumeipita siku chache nyuma tukijadili samaki wa kukaanga.

Kurudi kaskazini na upepo huu ni kujitesa, na likizo zilikuwa zimekwisha. Mashua tumemwachia fundi Chole, sisi tukapanda boti ya Nyamisati. Bamvua ijayo ataiegemeza pwani aipige kalafati, yaani azibe nyufa za mbao, karibu na mkuku, uti wa chini wa chombo, kisha aipake sifa, mafuta ya papa. Foromali itapunguzwa dhiraa moja. Tutaifuata mwezi wa nane, kusi ikishapungua makali, na nafasi mbili za mabaharia ziko wazi.