Mfungwa Hajifungui Mwenyewe

Shabbat shalom, ndugu zangu.

Sabato hii ya kwanza baada ya mfungo wa Tisha B'Av, siku ya kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu, tunasomewa Isaya 40: "Watulizeni mioyo, watulizeni mioyo watu wangu, asema Mungu wenu." Kuanzia leo mpaka Rosh Hashana, mwaka wetu mpya, tutakuwa na majuma saba ya manabii wa faraja. Lakini kuna jambo limenielemea wiki nzima: nyumba ya mfiwa hufurika siku ya maziko, na ikifika siku ya nne ya shiva, siku saba za kuomboleza nyumbani, hawapatikani watu kumi, pamoja na mfiwa, ili Kadishi, sala ya waombolezao, isemwe.

Kumbukeni habari za Rabi Yohanan katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya wahenga wetu, kitabu cha Berakhot. Rabi Hiyya bar Abba aliugua, Yohanan akaenda kumwona, akamwambia, "Nipe mkono wako," naye akainuka. Baadaye Yohanan mwenyewe aliugua, na ikabidi Rabi Hanina aje amshike mkono. Wahenga wanauliza: aliyeweza kumwinua mwenzake, kwa nini asijiinue? Jibu ni kwamba mfungwa hajitoi gerezani mwenyewe. Huyu Yohanan alikuwa amezika watoto kumi. Mtu wa imani kubwa kuliko yetu sote, na bado alihitaji mkono wa mwingine. Basi tusimwambie mfiwa ajikaze, aombe, atapata nguvu. Nguvu hiyo Mungu ameiweka mikononi mwetu, tukampelekee.

Tena Torati haikutuacha tukisie namna ya kuipeleka. Siku ya maziko ndiyo siku ya kwanza ya shiva: aliyezika Jumatatu kabla ya jua kuzama atainuka Jumapili asubuhi, baada ya kuketi kitambo kidogo tu. Sabato huhesabiwa humo, ila maombolezo ya hadharani husitishwa. Wafiwa wakirudi kutoka makaburini, mlo wa kwanza hawali chakula chao wenyewe; majirani wanaleta mayai ya kuchemsha, dengu na mkate. Kwa hiyo mayai yachemshwe wakati watu wako makaburini, maana wakikuta jiko limelala watajipikia, na hapo tumeshakosea.

Ukifika, ingia kimya. Usimsalimu mfiwa kwa shalom. Yeye ameketi chini au kwenye kigoda. Sogea karibu, kaa, ungoje. Asiponena, nawe usinene. Marafiki watatu wa Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno, na hilo walilifanya vyema. Walikosea walipofungua vinywa wakaanza kumweleza sababu za msiba wake, hata Mungu akawakasirikia. Basi acheni kusema "ni mapenzi ya Mungu" na "angalau ameacha watoto." Akianza kumtaja marehemu, mfuate, mtaje kwa jina, eleza wema unaoujua. Akilia, usimnyamazishe, siku tatu za kwanza wahenga walizitenga kwa kulia. Rabi Yohanan alimkuta Rabi Elazar akilia katika chumba cha giza, na alipoisikia sababu alimwambia, "Kwa hilo ni haki yako kulia," wakalia wote wawili. Wakati wa kuondoka, sema maneno tuliyorithi: Mwenyezi akufariji pamoja na wote waombolezao Sayuni na Yerusalemu.

Sasa nawakemea kwa upendo. Sheria inamruhusu mfiwa maskini, baada ya siku tatu, kufanya kazi kwa faragha nyumbani ili apate kula. Papo hapo wahenga wakaongeza: laana na iwajie majirani waliomfikisha hapo. Hawakumlaani yeye, walitulaani sisi! Kabla ya siku ya tatu kuisha, wazee wa kusanyiko wawe wameuliza kwa siri: unga upo? Kodi imelipwa? Mtoto ana karo?

Abayudaya wa Mbale, jamii ya Wayahudi wa Uganda iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, walipigwa marufuku na Idi Amin kuishika dini yao. Walioshikilia walisali kwa siri, nyumba kwa nyumba. Kama wao walikusanyika wakati kukusanyika ni hatari, sisi tunazuiwa na nini? Foleni ya magari?

Andikeni zamu siku ileile ya maziko. Kila sala, asubuhi na jioni, wapangwe watu kumi na wawili, wala si kumi, kwa sababu mmoja atachelewa na mwingine ataugua. Wakipungua kumi, someni Zaburi pamoja na mfiwa, ila Kadishi haisemwi, na atakayeumia ni yeye. Siku ya saba ikipita, msiitupe orodha hiyo. Aliyefiwa na mzazi atasema Kadishi miezi 11, na kila siku katika miezi hiyo atahitaji wengine tisa.